Kiinua Mgongo Kisipeperuke na Upepo: Mafunzo ya Ujenzi Kutoka Adumi

Tulipofika Adumi asubuhi ile, mabati ya nyumba moja yalikuwa yamelala katika shamba la mihogo, mengine yamekunjika mfano wa karatasi, mengine yangali yameshikamana na mbao zake. Hatua chache kutoka hapo ilisimama nyumba ya matofali ya kuchoma, kuta zake zima, mlango wake wa chuma mzima, lakini haikuwa na paa. Mwenyewe, sajini mstaafu aliyelitumikia jeshi kwa zaidi ya miaka ishirini, alikuwa ameketi barazani akiyatazama mawingu. Alipotuona alisimama wima, akatoa heshima kama aliye bado kikosini, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Karibu, afande. Upepo umekula kiinua mgongo changu kwa muda wa dakika kumi."

Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na msonge wa mama yake mzazi, wenye kuta za udongo na paa la nyasi lililochongoka. Dhoruba ile ile ilipita juu yake. Nyasi zilichomoka kidogo upande mmoja, basi. Usiku ule sajini, mkewe na wajukuu wao wanne walikimbilia humo, wakakaa wakimsikiliza bibi kizee akiuliza mara kwa mara ni kitu gani kinachopiga kelele huko nje. Yalikuwa ni mabati ya mwanawe yakigongana mihogoni.

Jambo hilo lilitufikirisha sana. Imekuwaje nyumba iliyogharimu jasho la miaka ishirini ikashindwa, na kibanda kilichojengwa kwa udongo, miti na nyasi kikasimama? Jibu la swali hili lina faida kubwa kwa kila mwanajeshi na kila askari polisi, kwa kuwa sisi watu wa sare hujenga kwa namna yetu ya pekee. Mkulima hujenga akiwa yupo. Akiona kasoro leo huisahihisha kesho. Askari hujenga kwa simu. Yuko lindo mpakani, au yuko nje ya nchi katika kazi ya kulinda amani, naye humtumia ndugu fedha, ndugu humlipa fundi, na fundi hujenga apendavyo. Aidha, kiinua mgongo hutolewa mara moja tu katika maisha. Kikiezuliwa na upepo, hakuna kingine.

UPELELEZI WA HEWA

Kila kuruta hufundishwa kwamba kabla ya kupiga kambi yapasa kuipeleleza ardhi na kumjua adui. Kanuni hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya ujenzi. Tuitazame basi Adumi kwa jicho hilo.

Adumi iko kaskazini magharibi ya mji wa Arua, katika nchi ya Ayivu ya Walugbara, si mbali na mpaka wa Kongo. Ni nchi ya nyanda za juu. Mji wa Arua wenyewe uko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kiangazi: jua kali mchana, baridi ya kiasi usiku, vumbi, na mioto ya nyasi. Mvua huanza kati ya mwisho wa Machi na Aprili, huzidi nguvu kuanzia Agosti hadi Oktoba, na kukoma mwezi wa Novemba. Hali ni hiyo hiyo, kwa tofauti ndogo, hadi Maracha na Koboko.

Hatari kubwa ya upepo huja pale kiangazi kinapokutana na mvua. Ardhi iliyochomwa na jua kwa miezi mitatu hupasha hewa moto. Hewa hiyo hupanda juu kwa nguvu na kujenga mawingu marefu meusi. Mvua inapoanza kushuka kutoka katika mawingu hayo, hewa baridi huporomoka pamoja nayo, hupiga chini na kutawanyika pande zote. Huo ndio upepo unaotangulia mvua kwa dakika chache, wenye vumbi na majani yanayoruka, na ndio unaobeba mapaa. Wengi hudhani kwamba upepo hulisukuma paa. Kwa kweli, upepo unaopita kwa kasi juu ya paa hulinyonya kwenda juu, na ule unaoingia mlangoni au barazani hulisukuma kutoka chini. Paa hupigwa pande mbili kwa wakati mmoja, kama kikosi kilichozungukwa.

Kwa hiyo adui wa nyumba ya Adumi ni watano: jua, upepo, mvua, mchwa na radi. Mjenzi asiyewajua wote watano anajenga kwa kubahatisha.

MSONGE ULIJUA NINI

Nyumba ya Kilugbara, iitwayo jo kwa lugha ya wenyeji, ni jibu la zamani kwa adui hao. Kwanza, ni ya duara; upepo haukuti ukuta bapa wa kuusukuma, bali hupita kando. Pili, paa lake ni la mteremko mkali, hivyo maji hayapati nafasi ya kutuama. Tatu, upenu wake huteremka chini sana na kuufunika ukuta wa udongo usilowe mvua wala usiokwe na jua. Nne, ukuta wa udongo hupokea joto polepole. Mchana kukiwa moto nje, ndani kuna ubaridi, na usiku ukuta huo huurudisha uvuguvugu. Tano, moshi wa jiko huzikausha nyasi na kuwafukuza wadudu.

Lakini siri kubwa kuliko zote tuliambiwa na mama mzazi wa sajini. Alisema kwa Kilugbara, na mwanawe akatufasiria. "Tazameni juu," alisema. "Je, mnaona msumari? Humu hamna hata mmoja. Kila mti umefungwa kwa mwenzake, na kila fungu la nyasi limefungwa kwa miti. Upepo ukitaka kuchukua nyasi zangu, sharti uchukue nyumba nzima."

Maneno hayo yalitupeleka moja kwa moja kwenye nyumba ya mwanawe. Tulipanda ngazi tukaukagua ukuta kwa juu. Boriti zilizobeba paa zilikuwa zimelazwa juu ya safu ya mwisho ya matofali na kushikizwa kwa chokaa na saruji tu. Hapakuwa na waya wala chuma kilichozifunga ukutani. Kenchi zilipigiliwa misumari miwili miwili. Mteremko wa paa ulikuwa mdogo, kwa kuwa fundi alitaka kupunguza mbao. Baraza pana lilikuwa limeelekezwa upande ule ule zinakotokea dhoruba, likaukusanya upepo mfano wa tanga la jahazi. Matofali yalikuwa mazuri, mbao nzuri, mabati mazuri. Kila kitu kilikuwa kizuri peke yake, lakini hakuna kilichoshikwa na kingine. Kikosi cha askari hodari wasio na mawasiliano hushindwa vivyo hivyo.

TUSIWALAUMU WAPENDAO MABATI

Isidhaniwe kwamba tunawataka watu warudi katika nyasi. Nyasi zina kasoro zake, na wenyeji wanazijua kuliko sisi. Huvuja zikichakaa, na kila baada ya miaka michache hutaka kuezekwa upya. Katika upepo wa Januari cheche moja hutosha kuteketeza boma zima. Tena yapo mambo ya historia. Baada ya vita vya mwaka 1979 na mapigano ya mwaka 1980, watu wengi wa West Nile walikimbilia nchi za Zaire na Sudan, wakakaa huko miaka. Wengi waliporejea walikuta maboma yao yamekuwa majivu na vichaka. Mtu aliyeikuta nyumba yake majivu, nani atamcheka akitamani ukuta wa tofali na paa lisiloshika moto?

Zaidi ya hayo, nyasi ndefu za kuezekea na miti ya kujengea havipatikani tena kwa urahisi. Watu wameongezeka na mashamba yamepanuka. Tumbaku, zao lililoleta fedha katika wilaya hizi kwa miaka mingi, lilikaushwa kwa moto wa kuni. Matanuri ya matofali nayo hula miti. Tangu mwaka 2016, vita vya Sudan Kusini vilipoleta wakimbizi wengi katika makazi ya Bidibidi, Rhino Camp na Imvepi, wenyeji na wageni wamekuwa wakitafuta nyasi na fito katika vichaka vile vile.

Lakini mabati peke yake si ukombozi. Hapo hatuna haja ya kuwahubiria askari. Yeyote aliyepata kuishi katika unipoti, kile kibanda cha duara cha bati kijulikanacho katika kambi za polisi, anafahamu kwamba saa nane za mchana humo ni tanuri, na saa kumi za alfajiri ni barafu. Na yeyote aliyelala katika "mama ingia pole" ya nyasi anakumbuka kwamba, pamoja na kuinama mlangoni, usingizi wake ulikuwa mtulivu. Bati ni jembamba. Hupokea joto lote la jua na kulimwaga papo hapo juu ya vichwa vya walio chini. Mvua ikinyesha, hakuna anayemsikia mwenzake. Kumbe tatizo si kuchagua baina ya nyasi na bati. Tatizo ni kulipa bati akili ya nyasi.

WENGINE WALIFANYAJE

Swali hili halikuanza Adumi wala halitaishia Adumi. Wapwani wa Lamu na Unguja walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vyembamba ili jua lisiwafikie. Katika kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, penye jua na vumbi kuliko West Nile, mwana wa kijiji hicho aitwaye Diébédo Francis Kéré alijenga shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001. Alitumia udongo wa pale pale, akauchanganya na saruji kidogo na kuushindilia uwe matofali. Juu ya madarasa aliweka dari ya matofali yenye matundu, na juu ya dari hiyo akainua paa la bati juu ya vyuma vyembamba, pakabaki nafasi ya hewa kupita katikati. Jua likipiga, bati hupata moto, lakini joto hilo hupeperushwa kabla halijawafikia watoto. Mwanzoni wanakijiji walitia shaka kwamba udongo ungestahimili mvua. Hatimaye wao wenyewe ndio waliojenga. Mwaka 2004 shule hiyo ilipata tuzo ya Aga Khan ya usanifu, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kabisa katika kazi hiyo.

Nchini mwetu Uganda, hospitali ya upasuaji wa watoto iliyofunguliwa Entebbe mwaka 2021 ina kuta za udongo ulioshindiliwa, uliochimbwa katika kiwanja chenyewe. Msanifu wake alikuwa Renzo Piano wa Italia. Ikiwa udongo unatosha kwa chumba cha upasuaji, basi hautakuwa aibu kwa nyumba ya sajini.

Ipo pia mashine ya mkono ya kushindilia matofali. Asili yake ni Bogotá, nchini Kolombia, katika miaka ya 1950. Huku kwetu Dkt. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere aliisogeza mbele kwa kubuni matofali yanayofungamana, moja likiingia katika mwenzake kama vidole vya mikono miwili. Baada ya vita vya kaskazini, Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa lilihimiza matumizi yake. Hayachomwi, kwa hiyo hayali mti hata mmoja. Na kwa kuwa yanafungamana, hutumia saruji kidogo katika maungio.

VIATU, KOTI, MSHIPI NA KOFIA

Askari anayekwenda gwaride hukaguliwa kutoka viatuni hadi kofiani. Na tuikague nyumba kwa utaratibu huo.

Viatu ni msingi. Nyumba isikae bondeni wala mahali maji yanapopita. Tazama njia ya maji wakati wa mvua, si wakati wa kiangazi. Msingi uwe wa mawe, nao uinuke juu ya ardhi kiasi cha magoti ya mtu mzima, ili matone yanayoruka yasiule ukuta. Kati ya msingi na ukuta ilazwe nailoni nzito ya kuzuia unyevu kupanda. Mchwa naye hupita kimya kimya katika nyufa. Kwa hiyo mbao yoyote isiguse udongo, na uso wa msingi uonekane wazi pande zote ili vijia vyake vya udongo vigunduliwe mapema.

Koti ni ukuta. Kwa matofali ya kushindiliwa, udongo uchimbwe chini ya tabaka jeusi la juu lenye mizizi, kwa kuwa hilo ni la mazao. Kipimo chepesi ni hiki: tia udongo nusu ya chupa nyeupe, jaza maji, tikisa kwa nguvu, kisha uache hadi kesho. Mchanga utakaa chini na mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka, ukikosekana, litamomonyoka. Udongo mwekundu wa murramu mara nyingi hufaa. Changanya sehemu moja ya saruji na sehemu zipatazo kumi na nane za udongo uliochekechwa. Baada ya kutoka katika mashine, matofali yafunikwe na kunyweshwa maji kwa muda wa siku saba, na yaachwe hadi siku ishirini na nane kabla ya kubeba mzigo. Hapa ndipo haraka huharibu kazi: tofali linaloachwa juani siku ya kwanza hukauka kabla halijakomaa.

Katika kuupanga ukuta tukumbuke kwamba Adumi iko yapata nyuzi tatu tu kaskazini ya ikweta. Jua huchomoza mashariki na kutua magharibi likipita karibu juu ya utosi. Kuta ndefu zenye madirisha zielekee kaskazini na kusini. Kuta fupi zielekee mashariki na magharibi, zisiwe na madirisha makubwa. Dirisha moja lisikae peke yake chumbani. Hewa, kama mgeni, hutaka mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Mshipi ndio uliosahauliwa na fundi wa sajini. Juu ya madirisha na milango, nyumba izungukwe na mkanda wa zege wenye nondo ndani, bila kukatika popote. Mkanda huo huzishika kuta zote nne zisitengane. Kisha, safu tatu au nne kabla ya kufika juu, zilazwe nyaya nene au vipande vya ukanda wa chuma ndani ya ukuta, ncha zake zikining'inia. Boriti ikisha kulazwa, ncha hizo huinuliwa, huizunguka boriti pamoja na mguu wa kenchi, nazo hukazwa sana. Hapo paa halikai tena juu ya ukuta, bali limefungwa katika uzito wa ukuta. Gharama ya waya huo kwa nyumba nzima haizidi bei ya mabati machache.

Kofia ni paa. Mteremko uwe kama theluthi ya pembe mraba au zaidi, yaani nyuzi 30. Paa la pande nne hustahimili upepo kuliko la pande mbili, kwa kuwa halina uso wima wa pembetatu wa kupigwa. Upenu uwe wa kutosha kuulinda ukuta, lakini usizidi mno, maana upenu mrefu ni mpini anaoushika adui. Paa la baraza lijengwe mbali na paa la nyumba, ili likichukuliwa lisichukue na lile. Misumari iwe mingi zaidi kandokando na kileleni, kwa sababu huko ndiko upepo unakoanzia kufunua. Katika kununua mabati, jihadharini na geji: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Wengi wamefurahia geji 32 kwa kudhani kwamba imeizidi 28.

Chini ya bati pasikose dari. Si lazima iwe ya mbao za ghali. Mikeka ya mafunjo au matete iliyofumwa vizuri hupunguza joto na kelele. Kati ya dari na bati yaachwe matundu ya hewa pande mbili, yenye wavu wa kuzuia popo. Na mfereji uwekwe upenuni, kwa kuwa maji yanayomomonyoa msingi ndiyo hayo hayo yanayohitajika nyumbani mwezi wa Februari.

Hatimaye, nyumba ipewe walinzi. Miti iliyopandwa kwa safu upande zinakotokea dhoruba hupunguza kasi ya upepo. Isipandwe karibu kiasi cha kuangukia paa.

ADUI WA TANO

Tumeiacha radi mwisho kwa kuwa haichukui mali tu. Mwezi wa Agosti mwaka 2020, watoto waliokuwa wakicheza mpira mjini Arua walikimbia mvua wakajihifadhi katika kibanda cha nyasi. Radi iliwapiga humo, na watoto 10 wakafa. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, watu 14 waliuawa na radi walipokuwa wamekusanyika kusali, na wengine 34 wakajeruhiwa. Katika misiba ya namna hii askari polisi ndio huitwa kwanza, nao ndio huandika majina.

Yafaa ieleweke kwamba radi haimchagui mtu kwa uchawi wala kwa dhambi. Hutafuta njia fupi ya kufika ardhini. Kibanda kilicho wazi, mti mrefu, na paa lisilo na njia ya kuupeleka umeme chini, vyote humfanya mtu aliye hapo kuwa njia hiyo. Nyumba iliyoinuka, na hasa shule, kanisa, msikiti au kituo cha polisi, iwekewe kinga ya radi: ncha ya chuma juu ya paa, waya mnene wa shaba unaoteremka ukutani bila kupindapinda, na fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini penye unyevu. Kazi hii ifanywe na fundi wa umeme anayeijua, kwa kuwa kinga isiyofika ardhini ni hatari kuliko kutokuwa nayo.

Watoto nao wafundishwe: ngurumo ikisikika, mchezo umekwisha. Waingie katika nyumba iliyofungwa, wajitenge na kuta, nyaya na vyuma, wasitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

UKAGUZI NI KAZI YA MWENYE NYUMBA

Vyama vyetu vya akiba na mikopo, Wazalendo kwa jeshi na Exodus kwa polisi, vimewapa wengi uwezo wa kujenga kabla ya kustaafu. Hilo ni jambo jema. Lakini mkopo hununua vifaa, haununui macho. Askari asiyeweza kufika nyumbani na amwagize ndugu yake ampigie picha kwa simu katika hatua nne: msingi kabla haujafukiwa, mkanda wa zege kabla haujamwagwa, nyaya za kufungia kabla boriti hazijafunikwa, na kenchi kabla mabati hayajapigwa. Picha ya nyumba iliyokwisha kupakwa rangi haionyeshi lolote. Fundi alipwe kila hatua ikisha kuonekana, wala asilipwe yote kwa ahadi.

Tuliporudi Adumi baada ya majuma sita tulimkuta sajini juu ya ukuta wake, jasho likimtiririka. Nusu ya mabati yake alikuwa ameyanyoosha. Mengine hayakufaa tena. Alikuwa ameivunja safu tatu za juu za matofali ili alaze nyaya, na mteremko wa kenchi mpya ulikuwa mkali. Baraza alikuwa amelihamishia upande wa pili. Fedha zake zilikuwa zimekwisha, na vyumba viwili vingebaki bila mabati hadi mavuno.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda chini, kichwa kakiinua, akielekeza kwa fimbo. Kila sajini alipomaliza fundo moja, bibi alimwambia neno la Kilugbara, naye alilikaza tena. Tukamwuliza mama anasema nini.

"Afande," akajibu, huku akiuvuta waya kwa koleo, "anasema hilo bado."